Wanafunzi wa afya wafundishwe kuuliza: ushahidi uko wapi?

Luvungi, bonde la Ruzizi

Vijana wenzetu wa Luvungi, Katogota, Bwegera, Luberizi, Sange, Kiliba na Uvira, na ninyi wote mlioko Bukavu, Bujumbura na kila fasi ambako maisha imewapeleka,

Ingia na homa kwenye kituo cha afya cha barabara hii, toka Kamanyola mpaka Uvira. Mara nyingi utatoka na majina mawili: "Iko palu na tifoide." Mama akienda, palu na tifoide. Papa akienda, palu na tifoide. Mtoto wa miaka miwili, vilevile. Utanunua vidonge, utatundikiwa seromu, utauza kuku ama gunia la muhogo ili ulipe. Na hakuna atakayeuliza swali moja dogo: ushahidi uko wapi?

Sisi tunauliza. Na tunaliuliza fasi ambako jibu linapikwa: kwenye zile ISTM na vyuo vikuu vinavyotoa wauguzi, wakunga, watu wa labo na madokta wa kesho. Msimamo wetu ni huu: mwanafunzi wa afya ambaye hajafundishwa kutafuta ushahidi, kuupima na kuutumia mbele ya mgonjwa hajamaliza masomo, hata kama diploma yake ina mihuri kumi. Na serikali inayomtuma kwetu hivyo inatutuma sisi kwenye hatari.

Tuelewane mapema. Hatutukani wauguzi wetu. Hapo juu kwenye milima yetu, Lemera, tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wafanyakazi wa hospitali waliuawa ndani ya hospitali yenyewe. Watu wa afya wa bonde hili wamezalisha mama zetu usiku kwa mwanga wa tochi, wamekaa kazini wakati wengine wanakimbia, wamefanya miezi bila mshahara. Tunawaheshimu. Lakini mtu unayemheshimu humpeleki vitani na bunduki ya mbao. Kumfundisha muuguzi kwa daftari ya zamani halafu kumlaumu mgonjwa akifa, huo ndio utukanaji wenyewe.

Tifoide ya kila mtu

Tuanze na ile tifoide. Mara nyingi inatoka kwenye kipimo kinachoitwa Widal, cha tangu mwaka 1896. Kipimo hiki hakitafuti mdudu wa tifoide. Kinatafuta alama ambazo mwili uliacha kwenye damu ulipopigana naye. Shida ni kwamba alama hizo zinaweza kubaki muda mrefu baada ya kupona, na magonjwa mengine yanaweza kuziamsha. Kwa hiyo fasi ambako tifoide inazunguka kila mwaka, kama kwetu, Widal moja yenye "plus" haiwezi kukuambia kwamba homa ya leo ni tifoide. Ushahidi wenye nguvu ni kuotesha mdudu mwenyewe toka kwenye damu, na labo zinazoweza kufanya hivyo ni chache.

Hii si siri. Imeandikwa na kurudiwa miaka mingi. Sasa muulize mwanafunzi wa labo anayekaribia kumaliza. Atakuonyesha vizuri kabisa namna ya kudondosha tone, kuchanganya, kutikisa na kusoma. Mikono yake iko safi. Lakini muulize: "Ukipima watu mia wazima hapa sokoni Luvungi, wangapi watatoka na plus?" Hapo atanyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Swali hilo halikuwa kwenye mtihani.

Na kunyamaza huko kuna bei. Mgonjwa anameza sipro ambayo hakuihitaji. Wadudu wanaizoea, siku ya tifoide ya kweli dawa haishiki. Na ugonjwa aliokuja nao haujatafutwa na mtu, kwa sababu karatasi imeshasema. Familia imelipa mara mbili: makuta ya dawa ambayo haikuwa yake, na siku ambazo ugonjwa ulikuwa unaendelea kula.

Seromu ileile, vifo vya aina mbili

Kuna watu watasema: mambo ya ushahidi ni ya maprofesa, muuguzi anahitaji tu kufanya kazi. Basi tuchukue kitu ambacho kila mtu wa bonde anakijua: seromu. Kwetu seromu ni alama ya kutibiwa. Usipotundikiwa, unasema hawakukushughulikia.

Julai 1994, Goma. Wakimbizi wa Rwanda zaidi ya nusu milioni wanaingia ndani ya siku chache. Kolera inalipuka, kuhara damu inafuata. Karibu watu 50,000 wanakufa katika mwezi wa kwanza. Timu ya watafiti toka Bangladesh, inchi inayojua kolera kama sisi tunavyojua muhogo, ilifika, ikatazama vituo vya matibabu na kuandika mwaka 1995 kwa nini vilishindwa kuzuia vifo vile. Dawa ilijulikana, na watu wa kusaidia walikuwepo. Lakini maji yalirudishwa mwilini polepole mno, maji ya chumvi na sukari ya kunywa hayakutumika ya kutosha, seromu zilizotundikwa hazikuwa zote za aina inayofaa, na wengi waliokuwa wanatibu hawakuwa na mazoea ya kolera. Watu walikufa kwa sababu maji yalichelewa.

Sasa ruka miaka 17. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, unaoitwa FEAST. Watoto 3,141 walioletwa hospitalini na homa kali, damu haizunguki vizuri, mikono na miguu baridi. Kila mahali vitabu vilisema: mpe seromu nyingi, haraka. Watafiti wakapiga kura: watoto wengine wakapewa seromu nyingi ya haraka, wengine wakapewa kiasi cha kawaida tu, taratibu. Kila mtu alitegemea seromu ya haraka itashinda. Ndani ya saa 48, kati ya waliopewa seromu ya haraka walikufa karibu 10.5 katika kila 100. Kati ya wale wengine, 7.3. Seromu ya haraka ilikuwa inaua. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Someni tena mambo hayo mawili pamoja. Goma, maji yalichelewa, watu wakafa. FEAST, maji yaliharakishwa, watoto wakafa. Hakuna mgongano: utafiti wa FEAST haukuchukua watoto wa kuhara wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa kolera amepoteza maji, mrudishie upesi. Mtoto wa malaria kali mwenye mikono baridi si yeye, hata kama kwa macho wanafanana.

Mwanafunzi aliyekariri mstari mmoja, "shoki = seromu haraka", ataokoa mtoto wa kwanza na kumuua wa pili, na usiku atalala vizuri kwa sababu alifuata silabusi. Aliyefundishwa kuuliza "ushahidi huu ulitoka kwa wagonjwa gani, na huyu wangu ni kama wao?" atawatofautisha. Swali hilo moja ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo sababu tunasema si jambo la maprofesa peke yao.

Ushahidi umetoka kwetu, sisi tunaugeuzia mgongo

Kinachotuuma zaidi ni hiki: sehemu kubwa ya ushahidi huo umetoka kwa miili yetu.

Mwaka 2010 ulitolewa utafiti mkubwa wa malaria kali: watoto 5,425 katika inchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, pale Kinshasa. Wengine walipewa kinini, wengine artesunati ya sindano. Katika kila watoto 1,000 wa kinini walikufa 109. Wa artesunati, 85. Ni watoto 24 wanaorudi nyumbani katika kila elfu, kwa kubadilisha chupa tu. Kinini inabaki ya kutumia pale artesunati imekosekana. Lakini wangapi kati yetu wameona mtoto anatundikiwa kinini bila mtu hata kuuliza kama artesunati iko?

Mwaka 2018 na 2019, Ebola ikiwa inaua Beni na Butembo, Wakongomani wakiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na wenzao wa nje walilinganisha dawa nne kwa kura, vita ikiendelea. ZMapp, dawa iliyokuwa inategemewa sana, ilipoteza karibu nusu ya wagonjwa. Mbili nyingine zilipoteza kama theluthi moja. Mojawapo, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Damu ya Mkongomani, utafiti kwenye ardhi ya Kongo, jibu limesaidia dunia.

Na Uvira? Uvira yetu iko kwenye majarida makubwa ya dunia. Watafiti wa London pamoja na watu wa afya wa Uvira walichukua hesabu za wagonjwa wa kolera na hesabu za maji ya bomba toka 2009 mpaka 2014, wakaziweka pamoja. Waliona kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera wanaongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zinazofuata. Walikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa wote walioingia hospitalini ilitokana na maji ya bomba yasiyotosha. Hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Halafu mwaka 2020 watu wa Uvira walichanjwa kolera kwa kunywa, na watafiti wakiongozwa na Espoir Bwenge Malembaka, mtoto wa Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, walipima baadaye: hata dozi moja ilipunguza hatari kwa karibu nusu, na kinga ilikuwa bado inaonekana zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Hesabu hizi ni silaha za raia. Mtu anayesema "kolera inaletwa na uchafu wa watu" tunaweza kumjibu: bwana, soma, bomba likikauka leo, wiki ijayo vitanda vinajaa. Lakini ni wanafunzi wangapi wa afya wa bonde hili waliowahi kusomeshwa utafiti wa Uvira, ndani ya darasa, mstari kwa mstari? Tumeuliza wenzetu wanaosoma. Wengi hawajui hata kwamba uko. Ulifanyika kwenye muji wao, juu ya mabomba yao na bibi zao. Wakati huohuo wanakariri majina ya mito ya Ulaya ambako kolera ilipita zamani.

Silabusi inauzwa, akili inafungwa

Kila mwanafunzi wa inchi hii anajua namna inavyokwenda. Mwalimu anafika mara tatu kwa muhula, akitokea mbali, amechoka, na yeye halipwi vizuri. Anasoma, mnaandika. Halafu silabusi inapigwa fotokopi, inauzwa. Asiyenunua anajua kitakachompata. Ndani ya ile silabusi hakuna mwaka, hakuna jina la utafiti, hakuna aliyesema nini na kwa nini. Inaweza kuwa imenakiliwa toka ile ya mwalimu wa mwalimu. Mtihani unataka maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Ukiandika jambo jipya ulilolisoma penginepo, hata kama ni la kweli, pointi zinaondoka.

Mwisho inakuja kazi ya kumaliza, ile TFC. Hapo ndipo mwanafunzi angejifunza kuuliza na kutafuta. Lakini tunajua ilivyogeuka: unaenda kwa mtu wa kompyuta, anatoa TFC ya miaka iliyopita, mnabadilisha jina la kituo cha afya na mwaka, mnafunga kwa jalada zuri, mnapiga picha na familia. Hatucheki. Wengi wa wenzetu walifanya hivyo kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia nyingine, na minervali ilikuwa imeshalipwa kwa kuuza shamba.

Toka mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeeneza LMD inchi nzima. Ile LMD kwenye karatasi inataka mwanafunzi afanye kazi yake mwenyewe, asome mwenyewe, afikirie mwenyewe. Vizuri! Lakini kubadilisha "graduat" kuwa "licence" bila kubadilisha silabusi ni kupaka rangi nyumba iliyopasuka.

Kutibu kwa ushahidi, ni kitu gani hasa?

Si dini mpya, wala si kutii kila karatasi ya mzungu. Jina lilianza kuenea toka Canada mwanzoni mwa miaka ya 1990, na David Sackett na wenzake waliliweka wazi mwaka 1996: unaunganisha ushahidi bora uliopo, uzoefu wa anayetibu, na mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anayathamini. Vitatu pamoja. Kimoja kikitoka, meza inaanguka.

Mwaka 2005 waalimu wa inchi mbalimbali walikubaliana kwamba kila mwanafunzi wa afya afundishwe hatua tano. Tuzipitishe hapa Luvungi. Mwanafunzi yuko staji. Mama toka mashambani ameleta mtoto wa miaka mitatu, anahara maji tangu jana, hakuna damu. Mkubwa wake anaandika Flagyl bila kufikiri.

Hatua ya kwanza, kuuliza vizuri: kwa mtoto anayehara maji bila damu, Flagyl inamsaidia kuliko maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki? Mgonjwa gani, tunataka kumpa nini, tunalinganisha na nini, tunatazamia nini. Ya pili, kutafuta: mwongozo wa wizara, wa OMS, wa MSF. Ya tatu, kupima: je, watoto waligawanywa kwa kura? Walikuwa wangapi? Walifuatwa wote mpaka mwisho? Wanafanana na wa kwetu? Ya nne, kutumia: miongozo inasema antibiotiki si za kila kuhara, na tangu 2004 OMS na UNICEF wanapendekeza maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki kwa siku 10 mpaka 14. Lakini mama huyu anatembea saa tatu na maji yake ni ya muto. Basi unamweleza namna ya kuchemsha, unampa pakiti za kutosha, unamwonyesha dalili za kumrudisha mtoto. Hapo uzoefu na maisha ya mgonjwa vimeingia. Ya tano, kujitazama: wiki hii wangapi tumewapa zinki, wangapi tumewapa Flagyl bure?

Ni hayo tu. Na hata namna ya kuyafundisha ina ushahidi wake. Mwaka 2004 watafiti wawili, Coomarasamy na Khan, walikusanya tafiti 23 juu ya jambo hili. Waliona kwamba somo la darasani peke yake linaongeza maarifa, basi. Likifundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa, linabadilisha pia ustadi, moyo na matendo. Kwa hiyo wakituambia "tutaongeza kozi moja ya saa 30, na silabusi yake", tutawajibu mapema: hapana, asante. Tunataka liingie kwenye staji.

Wanaotuambia haiwezekani

"Hakuna intaneti, hakuna umeme." Tunajua, sisi ndio tunalala gizani. Lakini mwongozo wa matibabu wa MSF uko bure, kwa Kifaransa, na unaweza kukaa ndani ya simu bila mtandao. Tangu 2002 OMS ina mpango wa Hinari unaofungulia vyuo vya inchi maskini maelfu ya majarida. Kongo iko kwenye kundi la kupewa bure. Chuo kinatakiwa kujiandikisha. Mkuu wa chuo, umejiandikisha? Nywila iko wapi? Wanafunzi wanaijua?

"Iko kwa Kiingereza." Kweli, na ni ukuta mkubwa. Mwanafunzi anafundishwa kwa Kifaransa, utafiti uko kwa Kiingereza, mgonjwa anaugua kwa Kiswahili ama Kifuliru. Lakini miongozo ya OMS iko kwa Kifaransa, na mihtasari mingi ya Cochrane imetafsiriwa. Na kutafsiri utafiti mmoja kwa Kiswahili, ili mama auelewe, hiyo ingekuwa kazi ya kumaliza masomo yenye faida kuliko TFC elfu za kunakili.

"Mdogo hawezi kumuuliza mkubwa." Tumelelewa kwa heshima na hatuiachi. Lakini wazee wetu hao hao walisema kuuliza si ujinga. Kuna namna ya kuuliza: "Dokta, samahani, nilisoma kwamba... unaonaje?" Mkubwa anayekasirika kwa swali hilo anailinda sifa yake kuliko anavyomlinda mgonjwa.

"Ushahidi ni wa wazungu." FEAST ilifanyika kwa watoto wa Afrika Mashariki, ikatikisa mambo ambayo vitabu vya inchi tajiri vilikuwa vinafundisha. Beni ilijibu swali la Ebola kwa dunia nzima. Wenye kutuambia ushahidi si wetu ndio wanaotunyima kazi ya mikono yetu.

"Na kama dawa hakuna, ushahidi utasaidia nini?" Hili ndilo swali zito, na tunalijibu kwa moyo wote. Muuguzi asiyejua ataweka kinini na kusema "iko sawa". Anayejua kwamba artesunati inaokoa watoto 24 zaidi katika elfu ataandika ripoti, atapiga kelele, atatuambia sisi raia, na sisi tutaenda kuuliza makuta ya dawa yalipitia wapi. Wakubwa wanapenda wauguzi wasiojua kinachokosekana. Kwetu sisi, kujua kinachokosekana ndiyo mwanzo wa kukidai.

Tunadai

1. Wizara ya elimu ya juu na ile ya afya ziache kutupiana mpira. Chuo kiko chini ya moja, hospitali ya staji chini ya nyingine, mwanafunzi anaanguka katikati. Zikae meza moja na kuweka hatua tano za kutibu kwa ushahidi kwenye programu ya kila mwanafunzi wa afya, toka mwaka wa kwanza, na zipimwe kwenye staji.

2. Silabusi isiuzwe kwa lazima. Na kila silabusi iandike ilisahihishwa mwaka gani na kila jambo limetoka wapi. Ile isiyo na mwaka isiingie darasani.

3. Kila chuo cha afya toka Bukavu mpaka Uvira kijiandikishe Hinari, kiweke tangazo ukutani, na kiwe na chumba kimoja chenye umeme wa jua na kompyuta zinazofanya kazi.

4. Hospitali za staji ziweke saa moja kila wiki: mgonjwa mmoja, swali moja, ushahidi mmoja. Dokta, muuguzi, mkunga, mtu wa labo na mwanafunzi wakae pamoja. Saa moja haihitaji mfadhili.

5. TFC ya kunakili ikataliwe, na mwalimu aliyeisaini aulizwe. Kazi zianze na maswali ya bonde: kolera na bomba, Widal, malaria ya watoto, mpox iliyotushukia mwaka 2024 wakati wengi hawakujua hata inavyofanana.

6. Waalimu walipwe na wafundishwe wao kwanza. Huwezi kumdai mtu akupe maji kwa ndoo uliyoitoboa.

Na ninyi wanafunzi, msingoje wizara. Pakueni miongozo leo usiku mtandao ukiwa mzuri. Kaeni watano watano, someni utafiti wa maji ya Uvira, mubishane juu yake. Mkihitimu bila kujua kuuliza, kesho mtatibu wadogo zenu wenyewe.

Na wewe raia, mama, papa, kijana, ukiwa kwenye kitanda cha hospitali una haki ya maswali matatu, kwa heshima na bila woga: Kipimo hiki kinaonyesha nini, na kinaweza kukosea? Dawa hii inajulikana kusaidia mtu kama mimi? Nisipoitumia, kuna nini? Muuguzi aliyefundishwa vizuri atafurahi kujibu. Asiyeweza, usimgombeze. Nenda ukawaulize waliomfundisha.

Tutapeleka madai haya kwa mkono, kwa wakuu wa vyuo na kwa wakubwa wa afya wa mukoa. Tutauliza mara ya kwanza kwa barua. Wakinyamaza, tutauliza mara ya pili tukiwa wengi, mlangoni, kwa amani na kwa sauti.

Sisi vijana wa Luvungi.